Mtoto Aliyetulia Sana

Mkoba nimerudisha zahanati. Ule wa buluu, wenye zipu iliyokufa zamani nikaifunga na pini. Wajukuu wanasema nimestaafu. Mimi nasema magoti ndiyo yamestaafu, na mimi nimeyafuata kwa adabu.

Nyinyi mlioingia juzi kazi hii ya afya ya kijiji, wewe Purity na wewe Mwenda wa pikipiki, mliniambia tukinywa chai, kwa lile jina la nyanya mnaloniita, "Cucu, tuandikie mambo ya watoto wenye huzuni, kwa mafunzo tulipewa asubuhi moja tu na mvua ilikuwa inapiga mabati hatukusikia." Basi naandika. Nilifika darasa la nne, nikatolewa kwenda kulea mtoto wa dada yangu, kwa hivyo mkikuta nukta imekaa mahali pa koma, iacheni ipumzike. Mambo ya posho sitayasema. Hayawezi kujaza hata ukurasa. Na majina, nayakumbuka yote, ndiyo sababu machache nimeyabadilisha.

Nilichaguliwa barazani hapa Kanja, wakati watoto wa shule walikuwa bado wanakunywa maziwa ya bure. Chifu aliuliza ni nani anajua kila nyumba kutoka mtoni mpaka kiwanda cha kahawa. Watu wote wakageuka wakanitazama. Si kwamba nilikuwa na akili kuliko wao. Nilikuwa nauza mayai mlango kwa mlango, na muuza mayai anajua nyumba yenye mbwa, nyumba yenye deni, na nyumba ambayo mume na mke hawaongei. Chifu akasema, "Basi huyu atakuwa wa afya." Hivyo tu.

Mwalimu wangu alikuwa Sista Karimi, nesi aliyeletwa kwetu kutoka Kianjai, kule Meru. Alisema anaongea Kiembu. Kilikuwa Kimeru kilichovaa viatu vya kuazima, lakini tulielewana. Siku ya kwanza alinipa mizani ya watoto, ile ya kuning'iniza, akaniambia niifunge kwenye boriti ya kanisa. Nikaifunga fundo la kufungia mbuzi. Mtoto wa kwanza, Muchiri wa Agnes, alianza kushuka pole pole mpaka akakaa sakafuni, bado amevalishwa ile suruali ya mizani. Hakulia, alishangaa tu. Sista Karimi akainama akatazama mshale umesimama kwa sifuri.

"Agnes," akasema, "mwanao ni upepo. Shika sana mlango usifunguke."

Wamama walicheka mpaka foleni ikavunjika. Halafu akanifundisha fundo, mbele yao wote, bila kunikaripia. Nilifanya kazi na huyo mama mpaka nywele zetu zikawa nyeupe pamoja.

Tulipoanza kutembelea nyumba alinipa neno moja ambalo lilinifaa kuliko semina zote. Alisema, "Ukiingia kwa watu, usianze na mtoto anayelia. Huyo amejisemea. Tafuta yule ambaye hajasema kitu."

Siku hizo huzuni ya mtoto haikuwa na jina kwetu. Ilikuwa na majina mengi, lakini yote ya makosa. Mvivu. Mkaidi. Anadeka. Ameharibiwa na nyanya yake. Ana minyoo. Sista alikuwa anasema minyoo ipo kweli, kwa hivyo itoke kwanza, halafu tuone kimebaki nini. Hapo mshike vizuri. Mtoto mwenye upungufu wa damu anakaa kama mwenye huzuni. Mtoto asiyesikia vizuri anakaa pembeni kama mwenye huzuni. Mtoto mwenye njaa, hata usiniulize. Mpelekeni apimwe mwili kabla hamjaanza kuzungumza habari za roho, na hata mkikuta mwili una shida, msiache kuuliza ya roho, kwa sababu mtoto mmoja anaweza kubeba yote mawili.

Wa kwanza aliyenifungua macho alikuwa Gicuku, msichana wa darasa la sita. Mama yake aliniita kwa sababu ya mdomo. "Huyu mtoto amekuwa wembe," akasema. "Ukimwambia lete maji, anakukata." Alikuwa anapigana shuleni, anatupa vitabu, na kila Jumapili jioni tumbo linamuuma mpaka anajikunja. Mimi niliona mtoto mkorofi. Sista Karimi aliuliza swali moja: "Tangu lini?"

Mama yake akafikiria. "Tangu mavuno ya kahawa. Kabla ya hapo alikuwa wa kucheka tu."

"Na kamba bado anaruka?"

"Kamba? Ameipa mtoto wa jirani."

Kumbe huzuni ya mtoto haiji na machozi kama yetu. Mara nyingi inakuja na hasira, na tumbo, na kichwa. Mtoto hasemi, nimefadhaika. Anasema hapa panauma, au anampiga ndugu yake na kijiko. Gicuku alipelekwa Meru kwa daktari wa watoto, akaenda na kurudi miezi mingi, akapona. Leo ana duka la nguo Meru mjini na mdomo wake bado ni wembe. Huo haukuwa ugonjwa, alizaliwa nao.

Baada ya Gicuku nilianza kubeba mbaazi. Msicheke. Mtoto akitazamwa usoni na mtu mzima hufunga mdomo, anafikiri ametenda kosa. Lakini mpe ganda la mbaazi aambue, na wewe ushike lako, macho yenu wote yako kwa ungo, mtashangaa maneno yanatoka wapi. Nilikuwa naweka mbaazi mbichi kwa kiondo, chini ya kanda ya kupimia mkono na kipimajoto. Msimu wa mbaazi ukiisha natumia maharagwe ya kuchambua. Nyinyi mna simu za kazi zenye maswali ndani, na ni nzuri, mimi mwenyewe nimefundishwa kuibonyeza. Lakini simu mkiishika, itazameni kidogo, na mtoto naye mumpe kitu cha kushika.

Na msimuulize roho yako iko aje. Hata mimi ukiniuliza hivyo nitasema iko sawa. Mfuate mtoto kwa siku yake. Uliamka saa ngapi, na nani alikuamsha? Ulikula nini, ukamaliza? Njiani kwenda shule ulitembea na nani? Mkitoka shule mnacheza nini siku hizi? Usiku unalala ama unasikiliza nyumba? Ukifika mwisho wa siku yake utakuwa umeona mahali pamekatika. Halafu uliza mama, uliza mwalimu, maana mtoto anaweza kuwa mtu mmoja nyumbani na mwingine darasani. Siku mbaya moja mbili kila mtu anazo. Ikipita wiki mbili, karibu kila siku iko hivyo, na kucheza kumeisha, usingoje ya tatu.

Sasa nije kwa Ireri, ambaye ndiye mnamtaka, maana najua Mwenda amesikia nusu ya habari yake kwa watu.

Hii ni wakati simu za mkono zilikuwa zimeshaingia. Juu ya kiwanda cha kahawa kulikuwa na boma la Nyaga na mkewe Rose. Mama yake Nyaga, Marigu, ni rika langu, tulichuma kahawa pamoja tukiwa wasichana. Mumewe Marigu alikuwa mzee Ireri, mtu mkimya kupita watu wote niliowajua. Ungetembea naye kutoka Kanja mpaka Runyenjes akasema "mvua" mara moja tu, na ikanyesha.

Mtoto wa kwanza wa Nyaga alikuwa mvulana, kwa hivyo ni Ireri. Mnajua kwetu ilivyo. Mtoto wa kwanza wa kiume hafanani na babu yake, ndiye babu. Nyaga alikuwa anamwita Baba tangu akiwa kwa nepi. Marigu anamwita mume wangu. Akipita na ndoo anamuuliza, "Mume wangu, leo huniletei hata kipande cha nyama?" na mtoto anamjibu kwa sauti nzito, "Nyamaza mwanamke, leta chai kwanza." Boma lote linakufa na kicheko, na mzee mwenyewe akiwa pale kwa kiti chake anatingisha mabega bila sauti. Kwa maana huyu Ireri mdogo alikuwa redio isiyo na kifungo cha kuzima. Jina alipewa la mzee, ulimi sijui alipewa wa nani. Walichunga ng'ombe pamoja, walilala nyumba moja. Mmoja anaongea, mmoja anasikiliza.

Mzee alianguka malishoni akafa. Moyo. Tulimzika vizuri.

Nilienda pale miezi kama mitatu baadaye kupima mtoto mdogo wa Rose. Nikakuta Ireri amekaa kwa kile kiti cha mzee, kiti cha miguu mitatu, ametazama zizi. Alikuwa darasa la nne. Hakuinuka kuona mkoba wangu, na zamani yeye ndiye alikuwa anaufungua kabla sijaketi.

"Mwone," Rose akaniambia kwa fahari. "Mzee amerudi. Tangu matanga ni hivyo tu. Hasumbui, hapigani, hata mpira ameacha. Baba mdogo wake alipomwona ametulia hivyo siku ya kuondoa matanga, alilia, akasema Ireri hajaenda popote. Ndiye alimpa kiti."

"Anakula?"

"Kama mzee. Kidogo kidogo."

Nilitazama kaptula yake. Ilikuwa imefungwa na kamba ya katani. Karibu na mguu wa kiti kulikuwa na mbwa ambaye amenenepa, na midomo yake ina punje za mahindi na maharagwe ya githeri.

Siku hiyo nilipima mdogo nikaaga. Mbele ya familia inayoshukuru Mungu, huanzi kubishana. Nilirudi na kiondo, nikamwomba Rose aniazime mtoto anisaidie mbaazi, tukakaa nyuma ya ghala. Tuliambua muda mrefu.

"Siku hizi unaamka saa ngapi, Ireri?"

"Kabla ya jogoo."

"Unafanya nini hiyo saa?"

"Nakaa."

"Na kichwa kinakuwa wapi?"

"Kwa ng'ombe."

Nikachukua ganda lingine. "Ng'ombe gani?"

"Ile nyeusi. Siku ile ilitoroka kwenda bondeni. Ilikuwa zamu yangu. Mimi nilikuwa nimeenda kuogelea na kina Njue. Babu akaifuata peke yake."

Mbaazi zikawa zinaanguka kwa ungo, tu, tu, tu. Sikumwambia si kosa lako. Ningesema hivyo mapema, angejua sitaki kusikia zaidi. Nikamuuliza, "Na wanasema babu amerudi. Wewe unaonaje?"

Akachukua ganda, akaliambua lote.

"Mimi sio babu, Cucu. Mimi najaribu tu. Lakini nachoka."

Purity, hapo ndipo wengi wanakimbia. Wanasema, haya mwanangu Mungu atakusaidia, wanabeba kiondo. Lazima umalize kuuliza. Kuuliza kama anataka kufa hakupandi mbegu. Mbegu kama ipo, ipo, na mtoto anafurahi kupata mtu asiyeiogopa. Nikasema kwa sauti ile ile ya mbaazi, "Ukichoka hivyo, kuna siku unatamani usiamke?"

"Siku zingine."

"Umewahi kufikiria kujiumiza?"

Akatingisha kichwa. "Nataka tu kulala. Na babu aamke."

"Asante umeniambia. Mimi sitatangaza kanisani. Lakini hii ni nzito, siwezi kuibeba peke yangu, na wewe usiibebe peke yako. Nitamwambia mama yako na Sista Karimi. Sawa?"

Akasema sawa. Halafu akaniambia nilikuwa natupa mbaazi nzuri pamoja na maganda. Ilikuwa kweli.

Rose nilimwambia palepale, jikoni. Alikaa chini juu ya kuni. Siku hiyo hiyo tukabeba dawa zote za kunyunyizia kahawa zilizokuwa zimewekwa wazi ghalani tukazipeleka kwangu nikazifungia kwa sanduku, na Rose akahamisha kitanda cha mtoto karibu na chake. Hayo hayangoji daktari. Sista Karimi nikamkuta zahanati. Alisikiliza yote, akasema kuna daktari wa akili anayeona watoto hospitali kubwa ya Embu mjini, na mtoto aende wiki hii, sio ijayo. "Baba yake atakataa," akasema. "Usimpe jina la ugonjwa. Mpe ulichoona."

Jioni hiyo nilimkuta Nyaga anakata matawi ya kahawa.

"Karibu Cucu! Mtoto amekuwa kilo ngapi?"

"Mdogo yuko sawa. Nimekuja kwa sababu ya Ireri."

"Baba? Baba hana neno. Mwalimu mwenyewe amesema kama darasa lote lingekuwa kama yeye, angezeeka polepole."

"Amekonda, Nyaga."

"Wazee hawanenepi," akasema, akacheka.

"Halali. Hachezi. Chakula anampa mbwa. Ameniambia amechoka, na si uchovu wa miguu. Kuna daktari Embu mjini..."

"Daktari wa nini?"

Nikamwambia. Makasi yakasimama hewani.

"Cucu, wewe umenipima nikiwa mtoto. Nakuheshimu. Lakini chunga maneno. Unataka kusema baba yangu alikuwa na ugonjwa wa akili?"

"Sijamtaja baba yako."

"Ni yule yule! Huyo mtoto amekaa vile baba alikaa, ananyamaza vile alinyamaza. Ukisema huyu ni mgonjwa, umesema yule alikuwa mgonjwa maisha yake yote, na sisi tukamwita mwenye hekima. Watu watasema nini? Mzee Ireri alikuwa kichaa?" Sauti yake ilikatika kidogo, nikajua ya kwamba huyu mtu naye hajamaliza kuzika. "Nimempata baba yangu tena, na wewe unataka kumpeleka hospitali."

Nilikuwa nimeona mtoto anayezama, na baba yake amesimama ukingoni anashukuru kwa maji kutulia. Aliyejibu ni Marigu. Alikuwa nyuma ya migomba anakata majani ya ng'ombe, na sisi hatukumwona.

"Nyaga. Yule mzee alikuwa wako ama wangu?"

"Wetu, mama."

"Wewe ulizaliwa ukamkuta. Mimi nimelala na kimya chake tangu nikiwa na meno yote. Nakijua kama najua sufuria yangu." Alikuja akaweka panga chini. "Mzee alikuwa haongei, lakini alikuwa anakula sahani mbili na kuuliza ya tatu iko wapi. Haongei, lakini mfiche ugoro uone kama boma litakalika. Alikuwa anakoroma mpaka kuku wanahama. Huyu mtoto halali, mimi namsikia ukutani akigeuka. Nikimwita mume wangu ananitazama kama mtu nimemshika akiiba."

"Mama, watu wote wanasema..."

"Watu wote walikuwa wameolewa na yeye? Nimengoja, Nyaga. Nilitaka iwe kweli kuliko wewe. Kama mzee angerudi, mimi ndio ningejua wa kwanza. Hajarudi."

Nyaga alitazama kule juu kwa nyumba, mahali mtoto alikuwa ameketi.

"Basi ni nani amekaa kwa kile kiti?"

"Ni mtoto wako," Marigu akasema. "Na anaogopa kuinuka."

Tulishuka Embu mjini na gari la kupeleka maziwa, mimi, Nyaga, Rose na Ireri. Daktari alikuwa kijana wa Meru, Kinoti, mwenye soksi za rangi mbili tofauti. Nataka mjue vile alifanya, maana kazi yetu ni kuona na kuleta, ya kupima hasa ni yake, na aliifanya vizuri. Hakuanza na roho. Alipima uzito, akatoa damu, akachungulia masikio. Akaongea na wazazi kwanza. Akampigia mwalimu simu. Halafu akabaki na Ireri peke yake, akatuambia tukae nje, na akanionyesha kwa macho kwamba hata mbaazi zangu zinakaa nje.

Kwa benchi Nyaga alikuwa anazungusha kifungo cha shati mpaka kikatoka.

"Watamfunga?"

"Hakuna mtoto anafungwa hapa."

"Watampa sindano alale?"

"Nyaga, sikiliza." Ndani tulikuwa tunasikia sauti ya daktari kidogo, halafu kimya, halafu sauti ndogo ya mtoto ikienda, ikienda, haisimami. Nyaga aliweka kichwa ukutani. Hakuwa amesikia mtoto wake akiongea sentensi mbili zikifuatana tangu matanga.

Tulipoitwa, daktari alisema huzuni ya msiba kwa mtoto inakuja na kuondoka kama mvua. Analia, halafu unamkuta anafukuza kuku. Hii ya Ireri haikuwa imeacha nafasi ya kuku. Imeshika usingizi, chakula, mchezo, shule, na inamwambia yeye ndiye mbaya. Akaitaja kwa Kiswahili cha redio, sonona. Nikajua kwa mara ya kwanza jina la mtu niliyekuwa namkuta kwa nyumba za watu miaka hiyo yote. Akasema inatibika. Mtoto aje kila wiki waongee, dawa bado, nyumbani achungwe asiachwe peke yake, na wakiona amebadilika vibaya wasingoje siku ya kliniki. Halafu akamgeukia Nyaga.

"Mzee alikuwa na shida ya moyo kabla?"

"Miaka miwili. Alikatazwa kupanda mlima."

"Huyu anajua?"

Nyaga akamtazama mtoto. Kumbe hawakuwahi kumwambia, kwa sababu mtoto haambiwi magonjwa ya wazee. Akapiga goti pale kwa sakafu ya hospitali, mtu mrefu vile. "Moyo wa babu ulikuwa umechoka kabla ya hiyo ng'ombe kuzaliwa," akasema. "Angeanguka hata akiwa kwa kiti. Unasikia? Hata ungekuwa malishoni. Hata mimi ningekuwa malishoni."

Ireri aliuliza, "Hata kama singeogelea?"

"Hata kama mto wote ungekauka."

Hapo ndipo mtoto alilia, na Sista Karimi nilipomsimulia alisema hiyo sauti ilikuwa na miezi mitatu njiani.

Msifikiri alitoka hapo anaruka. Kupona kwa mtoto kunaenda kama mama mja mzito akipanda mlima wa Kanja, hatua, kupumua, hatua, kuketi. Kulikuwa na wiki nzuri halafu wiki anageukia ukuta. Marigu alichukua kiti cha mzee akakiweka nyumbani kwake, akasema, "Atakayekikalia ataniona." Nyaga alijifunza kumwita mtoto Ireri. Ilimsumbua, ulimi ulikuwa unaanza na Ba... halafu anakohoa. Majirani walidhani ana kifua. Walioongea waliongea, kwamba Nyaga amepeleka mzee wake kwa wazimu, na kuna mmoja wa kanisani, jina lake nalijua na nalimeza, alisema ni mimi niliyeharibu baraka ya nyumba. Kila wiki gari la maziwa liliwashusha Embu. Mimi niliendelea kwenda na kiondo, naangalia usingizi, chakula, mchezo, na swali lile la kutamani asiamke sikuliacha hata alipoanza kunona, maana linaulizwa mpaka mwisho.

Muhula ukaisha, mwingine ukaanza. Siku moja nikiwa napalilia maharagwe, Nyaga alikuja na hasira, kofia mkononi, viatu vina vumbi la kutoka shuleni.

"Cucu, nimeitwa na mwalimu."

Jembe likanitoka. "Amefanya nini? Amezimia?"

"Amefanya nini! Ameleta chura darasani kwa mfuko wa kaptula. Akamwachilia wakati wa hesabu. Halafu alipoulizwa, alijibu mwalimu kwamba chura naye anataka kujua kugawanya. Darasa lote likapotea. Mwalimu anasema mwezi huu wote mtoto haongeleki, ni kelele, kelele, kelele. Nimesimama pale mbele ya walimu kama mwizi." Akafuta uso na kofia. Mabega yake yakaanza kutingishika, nikafikiri ni hasira, halafu nikaona analia, halafu nikaona anacheka, na yeye mwenyewe hakujua ashike ipi. Akaketi kwa mtaro wangu wa maharagwe, akavunja mashina matatu. "Cucu, nimkanye ama nimchinjie kuku?"

"Mkanye," nikamwambia. "Mwalimu pia ni mtoto wa mtu. Lakini ngoja hadi kesho."